Maharage Hayaogopi Moto Mkali

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuzungumze habari ya maharage. Najua wapo watakaonung'unika kwamba nimeacha mambo makubwa ya dunia nikaingia jikoni. Lakini hakuna mkubwa wa dunia asiyekula, na hapa kwetu mtu akisema amekula, aghalabu amekula ugali na maharage, au wali na maharage, au makande. Kwa hiyo mambo ya sufuria ya maharage ni mambo ya taifa zima, hata kama hayasomwi katika taarifa ya habari.

Tuanzie Ipogolo. Wanaoifahamu Iringa wanajua kwamba Ipogolo iko bondeni, karibu na Mto Ruaha Mdogo, pale ambapo barabara kuu ya TANZAM inaachana na barabara ya kupanda mlima kuingia mjini. Malori yaendayo Tunduma na Zambia hupita hapo usiku na mchana, na penye malori pana madereva, na penye madereva pana mama lishe. Mama huyo anataka sahani ya kwanza iwe tayari kabla tingo hajamaliza kukagua matairi. Sasa muulize ni kitu gani kinachomtoa jasho kuliko vyote. Hatakwambia wali, wala ugali, wala nyama. Atakwambia ni maharage, maana hayo ndiyo yanayokula mkaa na ndiyo yanayomwamsha alfajiri.

Nimewasikia pia akina mama waliohamia huku kutoka pwani wakilalamika kwamba maharage ya Nyanda za Juu ni magumu. Wanasema Dar es Salaam waliyainjika saa nne na adhuhuri wakala, lakini huku adhuhuri inafika punje bado inagonga jino. Basi hapo hutafutwa wa kulaumiwa. Wa kwanza ni mkaa, kwamba ni wa miti laini. Wa pili ni muuzaji, kwamba amechanganya maharage ya mwaka juzi. Na wa tatu, Mungu atusamehe, ni jicho la jirani aliyepita akachungulia sufuria.

Wasikilizaji wangu, lawama hizi si za kwetu peke yetu. Mwaka 1835 mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, Charles Darwin, alikuwa akivuka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Walipopiga kambi juu mlimani, wenzake wawili waliinjika viazi. Maji yakachemka kwa saa nyingi, viazi vikabaki vigumu. Sufuria ikaachwa motoni usiku kucha, asubuhi ikachemshwa tena, viazi bado. Wale wenzake walikata shauri kwamba kosa ni la sufuria, kwa kuwa ilikuwa mpya, nayo haikupenda kupika viazi. Darwin aliyasikia hayo na kuyaandika, lakini yeye alijua kwamba sufuria haikuwa na hatia. Mwenye hatia alikuwa mlima.

Nieleze kwa maneno mepesi. Hewa inayotuzunguka ina uzito, nayo hugandamiza maji yaliyomo katika sufuria. Pwani, kwenye usawa wa bahari, hewa ni nzito na maji huchemka yakifikia nyuzi 100 za Sentigredi. Kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi, na maji yanapata nafasi ya kuchemka mapema kabla hayajawa ya moto sana. Kwa makadirio, kila mita 300 unazopanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hata Ipogolo bondeni haiko mbali na hapo. Kwa hiyo maji ya Iringa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ya Mbeya mjini, penye mita 1,700 hivi, huchemka kwenye nyuzi 94. Ya Njombe, karibu mita 2,000, hushuka hadi nyuzi 93.

Utasema nyuzi tano ni kitu gani? Kwa chai si kitu. Lakini punje ya harage hulainika kwa mabadiliko yanayotokea ndani yake, na mabadiliko hayo hupungua kasi sana joto linapopungua kidogo tu. Ndiyo maana mpishi wa Ipogolo, mwenye mkaa mzuri na maharage mazuri, lazima asubiri zaidi ya mwenzake wa Kariakoo.

Sasa hapa ndipo penye jambo ninaloomba kila mwenye jiko alishike. Maji yakishaanza kuchemka, hayaongezeki joto tena. Ukiongeza mkaa, ukapuliza, ukapepea mpaka kipepeo kikakatika, maji ya Iringa yatabaki kwenye nyuzi zilezile 95. Kinachoongezeka ni mvuke tu. Maharage hayaogopi moto mkali. Yanayotaka ni joto la kuchemka lisilokatika, na muda.

Tena mvuke huo ni ghali. Kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka yote iwe mvuke kunahitaji joto zaidi ya mara tano ya lile lililohitajika kuyafikisha maji hayo kwenye kuchemka. Kwa hiyo sufuria iliyo wazi, inayotokota kwa kishindo na kufukiza jiko zima, inachoma mkaa wako kwa ajili ya kulowesha dari. Mama anaona maji yamepungua, anaongeza kata ya maji baridi, mchemko unakatika, anaongeza mkaa. Jioni anashangaa kopo la mkaa limekwenda wapi.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Nami naona maharage ya Nyanda za Juu yanahitaji mafiga matatu, na yote matatu yako ndani ya uwezo wa nyumba yoyote.

Figa la kwanza ni kuchagua na kuloweka. Harage jipya la msimu huu huiva upesi kuliko lililokaa ghalani. Likikaa miezi mingi mahali penye joto na unyevunyevu, ganda na moyo wake hukaza, na hapo hata ukiloweka siku nzima litakusumbua. Kwa hiyo sokoni muulize muuzaji mavuno ni ya lini, na uangalie rangi. Mengi yakizeeka hufifia au kuwa meusimeusi. Usichanganye ya zamani na mapya katika sufuria moja, kwa sababu mapya yatavurugika wakati ya zamani bado ni changarawe.

Nyanda hizi zina bahati ya kuwa na kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, ambacho kwa miaka mingi kimetoa mbegu za maharage kama Uyole 84, Uyole 94 na Uyole 96. Mkulima huiuliza mbegu itazaa magunia mangapi. Mnunuzi wa mjini naye ana haki ya kuuliza inachukua muda gani kuiva. Ukipata aina inayoiva upesi, shika jina lake, na umwambie muuzaji wako akuletee hiyohiyo.

Ukishayachambua na kuyaosha, yaloweke jioni katika maji mara tatu ya kipimo chake, uyaache usiku kucha, saa 8 hadi 12. Asubuhi utayakuta yameumuka karibu maradufu. Yale yanayoelea uyatoe, na maji ya kulowekea uyamwage. Maji hayo yamebeba sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo gesi, na si aibu kuyamwaga. Wasikilizaji wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wabadilishe maji mara moja katikati, maana kwa joto la kule huanza kuchachuka. Na kama ulisahau kuloweka, yachemshe dakika tatu, ufunike, uyaache saa moja nje ya moto, umwage maji, kisha uanze upya. Si sawa kabisa na usiku mzima, lakini ni bora kuliko kuyatia makavu.

Wenye maji ya kisima au ya bomba yenye chokaa nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, wajue kwamba chokaa hiyo nayo hukaza ganda la harage. Kama una maji ya mvua safi, hayo ndiyo ya kupikia maharage.

Figa la pili ni kifuniko na moto wa kiasi. Injika kwa moto wa kutosha mpaka yachemke vizuri. Yakishachemka kwa nguvu nusu saa, sababu yake nitaieleza punde, punguza moto. Funga mlango wa jiko, au funika makaa kwa majivu kidogo, ubaki na mchemko mdogo unaotikisa maharage taratibu. Funika sufuria kwa kifuniko kinachokaa sawasawa, na kama kimepinda weka jiwe safi juu. Maji ya kuongeza yawe ya moto. Birika dogo likikaa juu ya kifuniko hicho litapata joto la bure.

Figa la tatu ni kapu. Hili halihitaji mkaa kabisa, na bibi zetu waliozoea kuviringisha chungu kwa nguo wanalijua. Chukua kapu pana, sanduku au ndoo kubwa. Tandika ndani nguo kuukuu, blanketi, majani makavu au pamba, unene wa kiganja chini na pembeni, na uwe na mto wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa yakishachemka kwa nguvu nusu saa, yatoe motoni yakiwa yanatokota, na kifuniko chake, uyazike humo haraka na kufunika. Yaache saa tatu au nne bila kuchungulia. Kila unapochungulia, joto linatoroka. Sufuria iwe imejaa angalau nusu na zaidi, kwa kuwa chakula kidogo hupoa upesi. Ukiyatoa, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula, uyaunge. Njia hii ilitumika sana Ulaya wakati wa vita vikuu, watu walipokosa kuni na makaa. Haifai kuionea haya.

Sasa ile nusu saa ya kuchemka kwa nguvu. Ndugu wasikilizaji, maharage mabichi yana sumu ya asili, ya jamii ya lektini, na yaliyozidi kwayo ni yale mekundu makubwa. Mtu akila hata punje nne au tano mbichi anaweza baada ya saa moja hadi tatu kushikwa na kichefuchefu, kutapika sana na kuharisha. Wengi hudhani wamelishwa kitu. Sumu hii huvunjwa na mchemko wa kweli. Lakini maharage yakipashwa polepole katika joto la chini, nyuzi 80 hivi, bila kuchemka, sumu haivunjiki, na inaweza hata kuwa kali zaidi ya punje mbichi. Kwa hiyo usitie kwenye kapu maharage ambayo hayajachemka kwa nguvu, na usiyaache kwenye jiko linalofifia ukidhani yataiva yenyewe. Moto mdogo huja baada ya mchemko mkubwa, si kabla. Huku kwetu, ambako mchemko wenyewe una nyuzi pungufu, dakika kumi zinazotosha pwani tuzifanye thelathini.

Yapo mengine matatu ambayo watu hubishana sana jikoni: nyanya, chumvi na magadi.

Nyanya ziko nyingi, Ilula si mbali, na mpishi ana hamu ya kuzitia mapema ili mchuzi ukolee. Asizitie. Uchachu wa nyanya, kama ule wa ndimu na ukwaju, huzuia harage kulainika. Maharage yaive kwanza kabisa, uyabonyeze kwa vidole yavunjike, ndipo uunge kwa vitunguu, nyanya na mafuta. Aliyetia nyanya kwenye maharage mabichi asilaumu mkaa.

Chumvi imesingiziwa. Wengi husema chumvi hukaza maharage, lakini majaribio yameonyesha kwamba chumvi kidogo katika maji ya kuloweka husaidia kulainisha ganda. Hata hivyo mimi bado nashauri chumvi ya kupikia itiwe mwishoni, kwa sababu nyingine. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana sana kwa ugonjwa wa tezi la shingo, yaani rovu, kwa sababu udongo na vyakula vyake vina upungufu wa madini joto. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 tumekuwa tukihimizwa kutumia chumvi iliyotiwa madini hayo. Sasa madini joto hupotea kwa joto la muda mrefu, kwa jua na kwa unyevu. Chumvi ikichemka saa tatu na maharage, sehemu ya faida yake inakwenda na mvuke. Itie dakika za mwisho, na kopo lake lifunikwe, likae mbali na jiko.

Magadi ni kweli huharakisha, na mama lishe wengi hawaachani nayo. Lakini magadi huua vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya mambo tunayoyafuata ndani ya maharage, na yakizidi chakula huwa na ladha ya sabuni. Tena baadhi ya magadi ya maziwa ya kaskazini yana floraidi nyingi, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Aliyeloweka vizuri hana haja ya magadi.

Nisisahau sufuria ya presha. Mfaransa Denis Papin aliitengeneza London mwaka 1679, na kazi yake ni kurudisha uzito wa hewa ambao mlima umetunyang'anya. Mvuke ukifungiwa ndani, maji hupanda mpaka karibu nyuzi 115 hadi 120 kabla ya kuchemka, na maharage yaliyolowekwa huiva kwa chini ya saa moja. Kwa watu wa milimani ni chombo cha maana kuliko kwa watu wa pwani. Usiijaze zaidi ya nusu unapopika maharage, maana povu lake huziba tundu la mvuke, na usifungue kabla mvuke haujaisha. Siku hizi yapo majiko ya umeme ya namna hiyo, na sufuria ya maharage ya familia hula chini ya uniti moja. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi unaotaka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni lengo jema. Lakini mama ambaye leo hana bei ya jiko hilo anaweza kuanza usiku huu kwa beseni la maji na kapu la nguo kuukuu.

Na hapa niseme neno moja la tahadhari. Mwezi Juni na Julai baridi ya Iringa, Mafinga na Makete huuma. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani, maharage yaendelee kutokota huku familia ikiota moto na kulala. Wengine hawaamki. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na mlango uliofungwa kuzuia baridi ndio unaoifungia ndani. Hakuna maharage yenye thamani ya roho ya mtu. Jiko lilale nje, na maharage yalale kwenye kapu.

Kuhusu kiporo, pika mengi kwa mara moja ikiwa una namna ya kuyatunza. Kuchemsha kilo mbili hakuli mkaa mara mbili ya kilo moja. Lakini yatenge kabla ya kuyaunga, uyapoze upesi katika chombo kipana, uyaweke mahali pa baridi, na kila unapotoa sehemu ichemke kabisa. Yaliyoanza kutoa povu na harufu ya uchachu ni ya kumwaga. Pwani, pasipo jokofu, maharage ya jana asubuhi usiyaamini.

Sasa, kwa nini nimechukua muda wenu wote huu kwa ajili ya maharage? Kama ingekuwa ni mkaa tu, ningesema kwa dakika mbili nikanyamaza. Liko jambo zito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano nchini, 30 wamedumaa. Katika mkoa wa Iringa waliodumaa ni karibu 57. Njombe na Rukwa ni karibu 50 kila mmoja. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi yanatoka huku, viazi vinatoka huku, maharage yanatoka huku na kupakiwa kwenye malori yaleyale yanayosimama Ipogolo. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala hakui ipasavyo.

Sababu zake ni nyingi, na sitaki kudanganya kwamba zote zimo ndani ya sufuria. Yako magonjwa ya kuhara, iko kazi nyingi ya mama shambani, yako maji. Lakini moja tunaliona kwa macho. Mtoto anapewa uji mweupe wa mahindi asubuhi na ugali jioni, na maharage akipata ni mchuzi wake tu, tena mara mbili kwa wiki, kwa kuwa kuyapika kila siku ni gharama ya mkaa na ni saa tatu ambazo mama hana. Mchuzi una rangi ya maharage na ladha ya maharage, lakini protini na madini ya chuma vimebaki katika punje aliyokula baba.

Basi mtoto akishatimiza miezi sita, pamoja na maziwa ya mama, apewe punje zenyewe, zilizoiva mpaka zinayeyuka, zikapondwa kwa mwiko na kutiwa mafuta kidogo. Ongeza majani ya maboga au mchicha uliooshwa kabla ya kukatwa na kupikwa dakika chache tu kwa maji kidogo, na kipande cha papai, chungwa au ndimu. Vitamini C iliyomo humo huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage. Chai, ambayo huku Mufindi na Njombe ni fahari yetu, hufanya kinyume chake, kwa hiyo mtoto asipewe, na mkubwa naye aisubirishe saa moja baada ya chakula.

Akina baba nao wasikae sebuleni wakisubiri kuitwa mezani. Kuloweka maharage hakuhitaji ujuzi wa jando wala unyago. Kunahitaji mtu wa kukumbuka kabla ya kulala, na mkono wa kufungua bomba. Baba anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku anaweza kuyachambua huku akisikiliza redio hii hii, akayatia katika beseni, akafunika. Atakuwa amempunguzia mkewe karibu nusu ya kazi ya kesho, na amempunguzia mfuko wake mwenyewe gharama ya mkaa.

Mlima wa Ipogolo hatuwezi kuushusha, na maji yetu yataendelea kuchemka kwenye nyuzi 95 sisi na watoto wetu. Usiku ni mrefu na maji ya kulowekea ni yaleyale ya kunywa. Nawatakia wiki njema na chakula chema.